Wakwe na Makombora

Kazi yangu ni kuhakiki mali katika ghala moja la Mesquite, mashariki ya Dallas. Kompyuta inasema rafu fulani ina katoni kadhaa za bidhaa fulani. Mimi nakwenda kutazama kwa macho. Wanaopanga zile rafu hawaambiwi mapema ni ipi nitakayoikagua, na mimi mwenyewe naambiwa asubuhi ile ile. Shule niliachia kidato cha nne, Tanga. Mengine nimejisomea, alfajiri kabla ya kazi, kwa utaratibu mmoja: naanza na hati yenyewe, na baada ya hapo ndipo nasoma waliyosema watu juu ya hati.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye mikataba ya silaha za nyuklia. Siku moja nikiendesha gari nilisikia redioni kwamba Marekani na Urusi, pamoja na uhasama wao wote, zilikubaliana wakaguzi wa kila upande waweze kufika kwenye kambi za upande wa pili kwa taarifa fupi, wachague kombora, wafunguliwe, wahesabu vichwa vilivyomo. Vichwa vyenyewe vinaruhusiwa kufunikwa, ili mgeni apate idadi bila kupata umbo. Nikasema, kumbe watu hawa wana kazi kama yangu. Nikautafuta mkataba, nikausoma mwanzo mpaka mwisho pamoja na viambatisho vyake, polepole, kamusi ikiwa pembeni. Viambatisho ndivyo nilivyovipenda zaidi. Humo hamna maneno makubwa ya amani. Mna habari za wakaguzi watalala wapi, watakula nini, na vifaa vyao vya kupimia vitatazamwaje kabla ya kutumika.

Mtu wa kuzungumza naye mambo hayo si rahisi kumpata. Mke wangu alinivumilia kwa muda, kisha akaniambia, "Mume wangu, mimi nimeolewa na wewe, sikuolewa na Urusi." Bahati yangu ilikuwa baraza.

Baraza letu ni gereji ya nyumba yangu. Jumamosi moja katika mwezi, baada ya alasiri, natoa gari nje, natandika mkeka, na kwa wenye magoti mabovu naweka viti vya kukunja. Watu huja na kuacha, lakini nguzo zake zilikuwa mbili. Mmoja ni Mzanzibari anayeishi Fort Worth, mhandisi wa mitambo ya maji, ambaye ujanani alipelekwa kusoma katika Umoja wa Kisovieti. Wa pili ni mtu wa Mombasa anayeishi Missouri City, upande wa Houston. Yeye alisoma hapa hapa Texas, anauza vipuri vya magari, na biashara yake humleta Dallas mara kwa mara. Mimi wa Tanga niko katikati ya makwao, na kila mmoja alinihesabu kuwa nusu yake.

Hawa wawili walikuwa watani. Sisemi utani wa makabila, ule wa kurithi. Wao waliutengeneza wenyewe, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukawa na sheria. Wa Mombasa alikuwa akianza kabla hata hajavua viatu.

"Jamani, mbele ya huyu msiseme siri. Huyu kalelewa na mkate mweusi wa Warusi. Akipiga chafya Fort Worth, anajibiwa Moscow."

"Alhamdulillahi, mie nina wa kunijibu," Mzanzibari husema. "Wewe umelishwa ng'ombe wa Texas mpaka unacheua kama wao. Televisheni inasema jioni, wewe unacheua asubuhi."

Hapo ndipo mazungumzo yenyewe huanza. Mzanzibari alishikilia kwamba mataifa makubwa hufunga mikataba pale tu pande zote mbili zinapoogopa. Wa Mombasa alisema hapana, hufunga pale pande zote mbili zinapochoka kulipa. Wakishindwa kumalizana hunigeukia mimi: "Haya, Sheikh Kiambatisho, hati inasemaje?" Nami nawaambia hati inasemaje, na kwa kawaida hati haikuwa na habari na lolote kati ya waliyokuwa wakibishania. Nilizipenda sana Jumamosi zile, na nazipenda hata sasa.

Kisha mtoto wa kiume wa mtu wa Mombasa akamtaka binti wa Mzanzibari. Walikutana kwenye harusi ya watu, Houston. Binti ni muuguzi katika hospitali moja ya Fort Worth. Mama yake alifariki binti akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake, dada wa baba, ambaye anaishi nao mpaka leo na ndiye mwenye nyumba hasa. Pande zote mbili zikanifanya mimi mshenga. Sikuwa na cha kukataa. Mshenga hachukui maneno yake. Anachukua ya watu, anayafikisha bila kuongeza wala kupunguza, na kazi ya namna hiyo naiweza. Nikaenda, nikarudi, jibu likawa la kheri. Ikapangwa siku ya watu wa Missouri City kupanda Fort Worth na sinia za kishika uchumba.

Ikatokea kwamba wiki hiyo ndiyo mkataba wa mwisho kati ya Marekani na Urusi ulifika kikomo, na hapakuwa na mwingine uliotiwa saini kushika mahali pake. Wakaguzi walikuwa wamesimama tangu wakati wa korona na hawakurudi tena, kwa hiyo mimi nilikuwa nimekwisha kuulilia. Lakini redio ilikuwa ikiuzungumzia, na sisi wanaume tulioketi sebuleni tukisubiri chai tukauzungumzia pia. Wanawake walikuwa chumba cha pili na sinia zao, mlango uko wazi. Mtu mmoja akamuuliza Mzanzibari, "Sasa hawa wenzako Warusi watafanyaje?"

Kabla hajajibu, wa Mombasa akadakia, kwa sauti ile ile ya gereji: "Mwulizeni, mwulizeni! Huyu kalelewa na mkate wao. Akipiga chafya hapa, anajibiwa Moscow!"

Tukacheka tuliozoea kucheka. Mzanzibari hakucheka. Alitazama kikombe chake, akakiweka chini, akasema, "Karibuni chai."

Chumba cha pili kikanyamaza. Baada ya wageni kuondoka, shangazi aliniita jikoni. Ni mama mrefu, mwenye sauti ya chini, na hapandishi sauti hata akikasirika, anaishusha.

"Wewe ndiwe mshenga?"

"Ndimi, dada."

"Kafikishe hili. Kaka yangu katukanwa nyumbani kwake, mbele ya sinia, kuwa ni kibaraka wa watu. Na yeye kanyamaza kwa ajili ya mtoto. Mimi mtoto wangu simpeleki kwenye nyumba ambamo baba yake anadharauliwa. Sinia zitakaa. Harusi nayo itakaa, mpaka hili lieleweke."

Asubuhi iliyofuata binti alinipigia. Hawa watoto ukiwasemesha Kiswahili hukujibu Kiingereza, lakini siku ile alijitahidi. "Ami, please, fanya kitu. Mimi simgombezi Shangazi, siwezi. Lakini nampenda huyu kijana. Na Baba hasemi chochote, ana-smile tu."

Basi ikawa kazi. Nilimpigia mtu wa Mombasa nikamfikishia maneno kama yalivyo. Akalipuka.

"Niombe radhi? Yakhe, niombe radhi kwa maneno niliyoyasema miaka yote hii, na yeye akinijibu? Nikiomba radhi leo, maana yake Jumamosi zote zile nilikuwa namtukana, na yeye alikuwa ananivumilia. Basi hatukuwa marafiki hata siku moja. Hilo ndilo mnalotaka niseme?"

Kwa kweli hilo sikuwa nimelifikiria. Nikaenda Fort Worth kwa Mzanzibari, nikamkuta bustanini anamwagilia pilipili zake.

"Mie sikukasirika," aliniambia. "Ningeweza kumjibu, na lilikuwa jibu zuri, lilinifika mpaka hapa," akagusa ulimi. "Lakini yeye alikuja kuposa. Akiingia mlango ule yeye ni mkwe. Mkwe hataniwi. Mkwe anaheshimiwa, hata akikukanyaga mguu unasema samahani. Ningemjibuje?"

"Basi kwa nini usimwambie dada yako kwamba hukukasirika?"

"Nimemwambia. Anasema mtu aliyetukanwa lazima aseme hakukasirika, ndiyo adabu yenyewe. Kila nikikataa, anazidi kuamini."

Niliendesha kurudi Mesquite nikiwaza. Maneno yalikuwa yale yale. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kwamba makubaliano ya zamani yalikuwa yamekwisha bila mtu kusema yamekwisha: mmoja aliingia sebuleni akiwa bado mtani, mwingine alikuwa amekwisha kuwa mkwe. Nilikumbuka nilivyowahi kujiambia juu ya mkataba ulioisha. Siku ile makombora hayakuongezeka hata moja wala kupungua. Yalikuwa yale yale, kwenye mashimo yale yale, jana na leo. Kilichopotea ni kujua kwa pamoja nini kinaruhusiwa, na mtu akiona mwenzake amenyanyua mkono, hana tena pa kutazama ajue huo mkono una maana gani.

Nikawapendekezea wakutane. Hapo pia pakawa na kesi. Wa Mombasa hakutaka kupanda tena Fort Worth kama mshtakiwa. Shangazi hakutaka kaka yake ateremke Houston kama mwombaji. Nimesoma vya kutosha kujua watu wa mikataba hufanyaje: hutafuta mji wa tatu. Kati ya Dallas na Houston barabara kuu inapita kwenye misonobari, na ziko sehemu za kupumzikia wasafiri zenye meza za zege na vyoo safi. Nikachagua moja iliyo karibu na nusu ya njia, Jumapili asubuhi. Wakakubali wote wawili haraka mno, nikajua kwamba walikuwa wakingojea tu kuambiwa.

Nilipofika Fort Worth niliteremka kumwita Mzanzibari, na tuliporudi garini shangazi alikuwa ameketi kiti cha mbele, mkanda ameshafunga, kapu liko miguuni.

"Dada, tulisema wanaume wawili na mshenga," nikasema.

"Masikio yaliyosikia ni haya," akajibu. "Mkipatana bila haya, mmepatana na nini? Washa gari."

Kaka yake kutoka nyuma akasema, "Endesha tu. Mie nimeishi naye."

Tulimkuta mtu wa Mombasa amekwisha kufika, amepangusa meza, ametandika kitambaa, na ameweka mahamri na mbaazi za nazi zilizopikwa na mkewe. Shangazi akatoa katlesi na chupa ya chai ya tangawizi. Hakuna aliyegusa chakula cha mwenzake. Tukasalimiana kwa salamu ndefu, za nyumba nzima, mpaka salamu zikaisha, ikabaki sauti ya malori.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno mazuri, yamepimwa, kwamba tusiulize nani alikosa, tupange tu ya mbele. Nikayasema. Mzanzibari akaitikia kwa kichwa, wa Mombasa naye akaitikia, nikaanza kufurahi. Shangazi akasema, "Hapana."

"Hapana nini, dada?"

"Wewe unataka wakubaliane. Mimi sijui bado wanakubaliana juu ya nini. Nataka kuona." Akamgeukia mtu wa Mombasa. "Lirudie."

"Nirudie nini?"

"Ulilolisema. Hapa, mbele yangu, uso kwa uso."

Mtu yule ni mnene na mchangamfu, mwepesi wa maneno. Safari hii alitazama mahamri yake. "Dada yangu, mambo hayo… ukiambiwa uyaseme, hayasemeki."

"Sebuleni kwangu yalisemeka."

Akamtazama mwenzake, akasema haraka kama mtoto anayesoma hesabu: "Huyu kalelewa na mkate mweusi wa Warusi. Akipiga chafya Fort Worth, anajibiwa Moscow."

Shangazi akamtazama kaka yake. "Na wewe. Siku ile, ungelikuwa kwenye hiyo gereji yenu, ungejibu nini?"

"Mbele yako?"

"Mbele yangu."

Mzanzibari akajikohoza. Ni mtu wa heshima, mvi kichwa kizima, na niliona masikio yake yakiwa mekundu. "Ningemwambia… mie napiga chafya najibiwa Moscow. Yeye akijamba Missouri City, hata Houston hawajali."

Mtu wa Mombasa alipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. "Mwongo! Hilo jipya! Hilo umelitunga njiani!"

"Nilikuwa nalo siku ile ile. Limenikaa kooni mpaka leo, nimeshindwa hata kula vizuri."

"Na mbona hukulisema, wewe Mrusi wee? Umeniacha nimening'inia mbele za watu kama nguo iliyoanikwa! Nimerudi Houston nasema, leo nimemuudhi ndugu yangu, na sijui nimemuudhi kwa lipi!"

"Ningekujibuje na sinia zako ziko ndani? Wewe ng'ombe, hujui ukwe?"

"Sinia ni zangu, lakini mdomo ni wako!"

Wakaendelea hivyo. Shangazi hakucheka. Alikuwa akiwatazama mikono, si nyuso, na baada ya muda nikaona alichokuwa akikitazama: kila mmoja alikuwa akimshika mwenzake begani, au akimgonga goti, katikati ya kutukanana. Mzanzibari, bila kujua, alikuwa amekwisha kuchukua hamri moja na anachovya kwenye mbaazi.

"Basi," akasema shangazi, wakanyamaza wote. "Nimeona. Hamtukanani. Lakini siku ile mmoja alikuwa anacheza na mwenzake hachezi, na ukitazama kutoka nje hilo ni tusi tu, halina jina jingine." Akamimina chai, akampa kwanza mtu wa Mombasa. "Sikilizeni. Mbele ya watoto, mbele ya sinia, na nyumbani kwa kila mmoja wenu, ninyi ni wakwe. Maneno matamu tu. Huko gerejini, endeleeni."

"Hata baada ya harusi?" akauliza mtu wa Mombasa, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu.

"Hata baada ya wajukuu. Lakini nitakuwa nakuja kuangalia. Na sitasema nakuja lini."

Nilijitahidi nisitabasamu. Nimesoma kurasa nyingi juu ya haki ya kukagua kwa taarifa fupi, na juu ya miezi ya mabishano iliyohitajika ili pande mbili ziikubali, na hapa ilikubaliwa kabla chai haijapoa. Nikasema hivyo. Shangazi akaniuliza hao wengine walishindwa wapi mpaka mkataba wao ukaisha. Nikamweleza kwa kifupi: ukaguzi ulisimama kwa maradhi, kisha vita vikaingia katikati, kisha kila upande ukasema mwenzake ndiye wa kwanza kuvunja, na siku zikafika.

"Kwani hawana mtu wa kuwaambia kaeni hapa?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu, maana swali lilikuwa zuri. Nisingependa msomaji adhani ninasema nchi ni kama wakwe. Mtu akitusiwa sebuleni hapotezi mji. Wenye makombora wanaweza kukosea mara moja tu, na hawakai meza moja wakashikana mabega. "Hawana, dada," nikasema. "Nchi hazina shangazi."

"Ndiyo maana," akasema, akajipakulia mbaazi.

Tulikula. Jua lilipanda juu ya misonobari, familia moja ya Wamexico ikaja na kuketi meza ya jirani, watoto wao wakatuomba katlesi na wakapewa. Wale wawili walikuwa wamerudi kwenye swali lao la siku zote, la kuogopa na kuchoka kulipa, na kwa mara ya kwanza palikuwa na mtu wa tatu wa kubishana nao. Shangazi alisema wote wawili wamekosea: watu hufunga mkataba pale wanapokuwa na kitu cha mbele wanachokitaka wote, na bila hicho, woga na gharama huwafanya tu wawe wakali. Niliwaza kumwambia kwamba wako wataalamu wanaosema hivyo hivyo na wengine wanaompinga, nikaona nimwache afaidi.

Simu yake ikalia ndani ya kapu. Alikuwa binti, yuko kazini, amejiiba kwenda kwenye chumba cha mapumziko. Shangazi akaweka spika na simu juu ya meza, kati ya chupa ya chai na sahani.

"Shangazi, niambie tu. Just tell me. Ni ndiyo ama siyo?"

Mtu wa Mombasa akavaa kofia yake vizuri, kana kwamba simu inamwona.

"Wewe," shangazi akasema, "kazini kwako, likizo inaombwa mapema kiasi gani?"

Upande wa pili pakasikika pumzi. "Mapema sana, Shangazi. Ina-depend. Kwa nini?"

"Kaiombe."

"Ya lini?"

Shangazi akawatazama wanaume watatu waliokuwa mezani, mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kupendekeza tarehe. "Nitakwambia nikifika nyumbani," akasema. "Hawa wakwe kwanza wamalize chai."